Mwalimu, ukija Berlin usikose okestra hii

Berlin, Agosti

Mpendwa Mwalimu,

Bwana Yesu asifiwe! Natumaini wote hamjambo hapo Moshi na kwaya inaendelea na mazoezi. Sisi huku tu wazima, namshukuru Mungu.

Nimefurahi mno kusikia kwamba safari yako ya Oktoba, ya kuja kwenye kozi hapa Berlin, imeiva. Habari za makoti na baridi tutaongea kwa simu. Leo nakuandikia jambo moja tu: ratiba ya msimu mpya ya Berliner Philharmoniker, okestra ya hapa Berlin, imetoka. Msimu wao huanza mwishoni mwa Agosti na kwenda hadi Juni, kwa hiyo utafika mambo yamepamba moto. Nakusihi, usiondoke hapa bila kuwasikiliza angalau jioni moja.

Najua utaniambia hayo ni mambo ya Wazungu wenye suti zao. Sikubali. Ni wewe uliyetuimbisha Haleluya Kuu ya Händel, ukaiandika ubaoni kwa chaki, do-re-mi, sauti moja moja mpaka besi wakaelewa. Tenzi tunazoimba kanisani, nyingi zimetoka Ujerumani, na baadhi yake mtunzi Bach mwenyewe alizipangia sauti nne. Sasa wewe utakuwaje mgeni mbele ya muziki huo?

Ukumbi wao unaitwa Philharmonie. Ule wa zamani uliangamizwa na mabomu mwaka 1944. Huu wa sasa ulichorwa na Hans Scharoun ukafunguliwa mwaka 1963. Okestra haikai mbele ukutani, inakaa katikati, na viti vinapanda kuizunguka pande zote kama mashamba ya matuta kule Upare. Mimi nitakutafutia tiketi ya nyuma ya wapigaji. Ni mabenchi, bei yake ni nafuu, na kwa mwalimu wa kwaya sioni mahali pazuri zaidi, maana unamtazama mwongozaji usoni. Utamwona anavuta pumzi kabla mkono haujashuka. Utaona jicho lake likimtahadharisha mpiga fluti kwamba zamu yake imekaribia. Chini yako kuna tromboni, tarumbeta na timpani, zile ngoma kubwa za shaba. Zikilia unazisikia kwenye mbao za benchi. Violini zinakufikia zikiwa zimefifia kidogo, hilo nalo ulijue. Ila siku wanayopiga kazi yenye kwaya, mabenchi hayo huwa ya waimbaji, kwa hiyo tutachagua jioni ya okestra peke yake.

Wahi kuketi. Kabla ya kuanza, mpiga obo, ala ya kupulizwa kama filimbi, hutoa sauti moja, noti ya "la", akaishikilia, na wengine wote wanazipatanisha ala zao nayo. Wewe unayehangaika na sauti ya tatu kila Jumamosi utaipenda dakika hiyo.

Na kuna hili ninalolipenda kuliko yote. Okestra hii ilianzishwa mwaka 1882 na wapigaji 54 waliomwacha mwajiri wao, Benjamin Bilse. Inasimuliwa kwamba alitaka kuwasafirisha hadi Warsaw kwa behewa la daraja la nne. Desturi yao ni kuamua mambo yao wenyewe. Mwongozaji haletwi na serikali wala tajiri, wapigaji ndio wanaompigia kura. Mwezi Mei 2015 walikutana kanisani, Jesus-Christus-Kirche ya Dahlem hapa Berlin, wakashinda humo siku nzima na bado hawakuafikiana. Mwezi uliofuata wakarudi kwenye kura, wakamchagua Kirill Petrenko, mzaliwa wa Omsk kule Urusi, akaanza kazi rasmi mwaka 2019. Fikiria kwaya yetu ingekuwa na subira hiyo! Mtu aliyechaguliwa hivyo husikilizwa, na ukiwa pale nyuma utaliona jambo hilo kwa macho.

Usiogope pia kuhusu desturi za mle ndani. Simfoni, yaani kazi ndefu ya okestra, huwa na sehemu kadhaa, mara nyingi nne, na kati ya sehemu moja na nyingine watu hukaa kimya. Wewe ngoja mwongozaji ashushe mikono kabisa na kugeuka, ndipo upige makofi, upige hasa.

Pesa ikibana, kila Jumatano saa saba mchana, Septemba hadi Juni, kuna muziki wa bure pale ukumbini, kwenye sebule ya kuingilia. Wapigaji ni wachache, wawili, watatu au wanne, na watu wengine huketi kwenye ngazi au sakafuni. Wazee, wanafunzi, akina mama na watoto wao, wote wamo.

Programu moja kwa kawaida hurudiwa Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Kwa hiyo nitumie haraka tarehe zako za kufika na kuondoka, na unieleze jioni zipi kozi inakuacha huru. Tiketi za bei nafuu hapa hazikai dirishani, zinakwisha upesi. Wasalimie vijana wa tarumbeta pale usharikani, waambie nitawatafutia picha za tromboni za huku.

Wako katika Bwana,
Rafiki yako wa sauti ya pili