Mizimu sio ushamba wetu peke yetu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Kuna msomaji juzijuzi aliandika humu eti mambo ya mizimu ni ushamba wetu sisi wa Kondoa na Ugogoni, wazungu walishatoka huko zamani. Mi nilicheka tu, maana wazungu haohao wana dini nzima ya kuongea na marehemu, inaitwa Spiritualism, na mpaka leo ipo.

Ilianzia Marekani 1848, kijiji kinaitwa Hydesville huko New York, mabinti wawili wa familia ya Fox, Kate na Maggie, wakasema kuna roho inawagongea ndani ya nyumba, ukiiuliza swali inajibu kwa kugonga, basi watu wakafurika na habari ikavuka bahari mpaka Uingereza.

Na huko kwa wafu waumini wake wanakuelezea kama mtu aliyeenda akarudi. Ni ngazi ngazi, wengi wanahesabu saba, ukifa unaanzia ile inayofanana na ulivyoishi, mchoyo anaanzia chini gizani lakini hakai humo milele maana jehanamu ya milele wengi wao hawaikubali, anajifunza mdogomdogo anapanda. Kuna sehemu nzuri ambayo mwandishi wao mmoja, Andrew Jackson Davis, aliiita Summerland, yaani nchi ya kiangazi. Sasa mtu wa Dodoma umwambie ukifa unaenda kiangazini, si atakataa kufa! Sisi kiangazi ni vumbi na foleni ya ndoo, kwao ndo maua na jua baada ya baridi.

Bibi yangu mvua zikichelewa alikuwa anapanda na wazee wenzake Mungomi wa Kolo, kulekule kwenye michoro ya miambani iliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO 2006. Anabeba kibuyu cha pombe ya mtama, anamimina kidogo chini ya jiwe, anataja majina ya wazee wake mmoja mmoja, hana haraka, akisahau mmoja anarudia mwanzo. Hakuwahi kuuliza nani kafika ngazi ya ngapi. Kwake hawajaenda popote, wapo hapohapo wanataka wakumbukwe. Wale wa Marekani marehemu wao ni kama mwanafunzi anaendelea na shule, wetu ni mzee wa ukoo, ukimsahau ananuna.

Ila mimi ushamba wangu naukiri. Mwaka jana nilimfuata jamaa mmoja hapa mjini, tangazo lake liko kwenye nguzo ya umeme, nikatoa elfu hamsini niongee na marehemu baba. Chumba giza, ubani unafuka, mara sauti ikaja "mwanangu hujambo", Kiswahili laini kabisa cha Tanga. Mhariri, baba yangu alikuwa Mrangi wa shamba, tangu nazaliwa hajawahi kuniita mwanangu, alikuwa ananiita "we kijana" basi.

Na kwa wenzetu ni hivyohivyo, 1888 Maggie alipanda jukwaani New York akavua kiatu akaonyesha watu kwamba zile ngo ngo zote ni vidole vyake vya mguu anavialisha, mwaka uliofuata akayakana tena maneno yake, na walioamini wakaendelea kuamini.

Bibi hajalipwa hata mia pale Kolo, na pombe alikuwa anapika mwenyewe. Kwa hiyo huyo msomaji akitaka kucheka mtu aanze na mimi na elfu hamsini yangu, bibi amuache.

Msomaji wenu,
Dodoma