Kozi ya waongozaji wa uvuvi mtoni isiishie kwenye kurusha mshipi

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu yako ya barua tuzungumzie kozi za waongozaji wa uvuvi wa mtoni, ule wa nzi bandia: ndoano iliyovishwa manyoya na nyuzi hata samaki aidhanie mdudu. Wengi wanaojiandikisha hudhani wiki nzima itakwenda kwenye kunoa mrusho, na zipo kozi zinazowapa hicho hicho: kurusha kutwa, huduma ya kwanza alasiri moja, cheti mkononi. Anayetoka hapo ni mvuvi aliyenoleka. Kumwongoza mwenzake mtoni bado hajafundishwa.

Mgeni hahitaji mrusho wa mita 25. Akifikisha mita 10 vizuri, samaki wapo. Shida huanza nzi akishatua. Trauti, samaki wa mito ya maji baridi, hukaa kwenye maji ya polepole, pembeni tu mwa mkondo wa kasi, chakula kimpitie karibu bila yeye kupoteza nguvu. Nzi anamfikia, lakini mshipi umelala juu ya ule mkondo wa kasi. Mkondo unaubeba, mshipi unapinda kama upinde, na punde nzi anaburutwa huku akichora alama ya V juu ya maji. Mdudu anayeelea haendi hivyo, na samaki humwacha apite. Dawa yake ni kuinua ncha ya ufito na kuulaza mshipi upande maji yanakotoka. Wageni karibu wote huchelewa: husubiri mpaka upinde umeshajaa, kisha huurusha kwa nguvu na kumng'oa nzi pale alipo. Mwongozaji anatakiwa aseme "sasa!" mshipi ukiwa bado umenyooka. Zoezi zuri ni kudondosha jani kavu karibu na nzi. Vikienda sambamba, mshipi hauburuti. Hilo peke yake linastahili nusu siku, na ni la kumfundisha mwanafunzi kuangalia mshipi wa mtu mwingine, si wake.

Upepo nao husahauliwa. Ukivuma kutokea upande wa mkono unaorusha, unasukuma ndoano kwenye sikio la mgeni. Mwongozaji amhamishie ng'ambo, au amfundishe kurushia juu ya bega la pili, na yeye mwenyewe asimame upande usiorusha. Miwani na kofia ni lazima kwa wote wawili. Kijino cha ndoano, kile kincha kinachoizuia isitoke, kibanwe kwa koleo kabla ya mrusho wa kwanza, maana ndoano isiyo na kijino hutoka ilikoingilia. Yenye kijino, ikiwa imezama juujuu kwenye mkono, hutolewa kwa uzi imara: zungusha uzi kwenye tao la ndoano, kandamiza tundu la ndoano la kufungia mshipi chini kwenye ngozi, kisha vuta mara moja, kwa ghafla, sambamba na ngozi. Wengi huvuta wakiwa wamesahau kukandamiza, na kijino hukwama palepale. Ikiingia karibu na jicho, usiiguse. Mpeleke kwa daktari.

Lakini kinachopunjwa kuliko vyote ni makasia. Kwenye boti ya mtoni mpiga kasia hutazama mbele, maji yanakoelekea. Jiwe likionekana, omo, yaani mbele ya boti, huelekezwa upande wa jiwe, boti ikae mshazari kama nyuzi 45 na mkondo, kisha anavuta makasia kurudi nyuma, mbali na jiwe. Akivuta hivyo boti inapungua kasi na anapata muda. Mwanafunzi mpya hufanya kinyume: anasukuma makasia kwenda mbele ili alipite jiwe upesi, anajiongezea mwendo wa mkondo, na boti inaligonga kwa ubavu. Hapo kila mtu kwa silika hulikimbia jiwe, akienda ukingo wa boti ambao maji yanausukuma. Ukingo unazama, boti inajaa. Amri sahihi ni "kwenye jiwe!", wote wahamie upande wa jiwe, na abiria waambiwe hivyo kabla ya kuondoka ufukoni. Mti ulioangukia mtoni ni mbaya zaidi kuliko jiwe: maji hupita katikati ya matawi, mtu hapiti.

Aliyeanguka majini alale chali, miguu ikitangulia, asijaribu kusimama kwenye maji ya kasi hata kama anagusa chini. Mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo humlaza kifudifudi na kumshikilia hapo. Kamba ya kuokolea, ambayo kwa kawaida ni mita 15 hadi 20, hutupwa imvuke kidogo ili imwangukie begani. Anayeitupa asijifunge nayo wala kuizungusha mkononi. Kutazama mwalimu akitupa hakutoshi. Kila mwanafunzi aitupe kwa mtu halisi anayeelea, tena na tena, kwa sababu mtupo wa kwanza mara nyingi hukosa, na wa pili hufanywa kwa kamba iliyolowa na kuvurugika.

Kuhusu samaki tutasema machache: mikono ilowe kabla ya kumshika, na kipimajoto kiwe mfukoni. Maji yakifika nyuzi 20 za Selsiasi, trauti asivuliwe. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na samaki aliyepigana muda mrefu, akiachiliwa, anaweza kuogelea akaondoka mzima machoni, akafa baadaye.

Kabla ya kulipa ada, basi, mwombaji aulize: ni saa ngapi nitashika makasia mimi mwenyewe? Mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi kwenye boti? Kamba nitaitupa mara ngapi? Je, cheti cha huduma ya kwanza kinakubaliwa na wanaotoa leseni pale ninapotaka kufanya kazi? Akijibiwa kwa picha za samaki wakubwa, atafute kozi nyingine.

Sisi,
Waongozaji wa uvuvi wa mtoni