Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu ya Juu: soya ya soko la Kenya, Lubumbashi, na roboti za kibofu

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kutoka Lubumbashi, ambako malori ya kobalti hupita usiku na mchana yakielekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Dunia inatujua kwa betri zinazotengenezwa kwa kobalti hiyo. Lakini zipo mashine ambazo hakuna betri inayozienea: roboti za tiba, ndogo kuliko chembe nyekundu ya damu. Hizo zinakula kile kilichomo mwilini.

Mwaka 2024 watafiti wa Barcelona walieleza walivyoziingiza katika vibofu vya panya wenye saratani. Ni punje za silika (kitu kilekile kilichomo katika mchanga) zilizobandikwa kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mmenyuko wa kemikali, kiitwacho urease. Kimeng'enya hicho kinavunja urea ya mkojo kuwa amonia na kaboni dioksidi, na mmenyuko huo ndio unaozisukuma punje. Mkojo ndio mafuta yake! Zilibeba iodini yenye mionzi, na kwa dozi moja tu uvimbe ulipungua kwa karibu asilimia 90. Kwa binadamu, bado. Ila sisi tunaoishi na kichocho, ambacho kinaweza kuzaa saratani ya kibofu, hatuna sababu ya kungoja kusimuliwa.

Na urease inatoka wapi? Kwenye maharage. James Sumner aliitoa humo ikiwa safi mwaka 1926, akapewa Nobel mwaka 1946. Soya nayo inayo, hiyo hiyo ambayo wamama wa soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, wanatupimia kwa ajili ya uji wa watoto.

Najua nitajibiwa: hospitali hazina glavu, wewe unaleta habari za roboti? Swali ni halali. Lakini urease hiyo hiyo hutumika kupima urea katika damu ya mgonjwa wa figo. Mwanafunzi anayejua kuisafisha na kuipima nguvu anafaa maabara ya hospitali leo, hata kama roboti hatazigusa kamwe.

Kwa hiyo siombi maabara ya Ulaya. Kwa kampasi ya Kasapa ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi ninaomba friji ya kutunza vimeng'enya kwenye nyuzi 4, mashine moja ya kuzungusha sampuli, na paneli za jua pamoja na betri zake (pengine zenye kobalti yetu ndani), maana umeme ukikatika usiku, kazi ya wiki nzima inaoza. Viandikwe katika bajeti ijayo chini ya mafunzo ya vitendo, si chini ya "miradi", ambako pesa hatujui inalala wapi.

Kwa heshima,
Mwalimu wa kemia, komini ya Katuba, Lubumbashi