Risala ya Klabu ya Haki za Binadamu kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Jaji wetu. Mkuu wa Shule. Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha shuleni kwetu hapa Arusha. Mwaka huu klabu yetu imesoma maisha ya mwanasheria mmoja kwa kina, Louise Arbour wa Kanada. Tulimchagua kwa sababu kazi yake ilifika mjini kwetu, katika jengo la mikutano la AICC ambalo wengi wetu tunalipita kwa daladala bila kugeuza shingo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mama huyu alizaliwa Montreal mwaka 1947, akasomea sheria huko huko, akafundisha chuo kikuu Toronto, na mwaka 1987 akateuliwa jaji Ontario. Kilichotushika hasa ni uchunguzi wa gereza la wanawake la Kingston. Aprili 1994 kikosi cha askari magereza wanaume kiliingia usiku katika selo, kikawavua nguo wafungwa wanawake na kuwaacha na magauni ya karatasi, minyororo miguuni. Jaji Arbour aliongoza tume, na ripoti yake ya mwaka 1996 ikasema wazi kwamba kanuni zilijaa gerezani lakini utawala wa sheria haukuwepo. Klabuni tulibishana sana juu ya haki za mfungwa. Mwishowe tulikubaliana naye: wanawake wale walihukumiwa kifungo, hawakuhukumiwa kuvuliwa nguo.

Mwaka huo huo akawa Mwendesha Mashtaka Mkuu wa mahakama za Umoja wa Mataifa za Yugoslavia ya zamani na Rwanda, na hii ya Rwanda ilikaa hapa Arusha, AICC. Julai 1997 watuhumiwa saba walikamatwa Nairobi, akiwemo Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wa Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Alikiri makosa, akafungwa maisha. Kesi ya Jean-Paul Akayesu ilituumiza zaidi, maana alikuwa mwalimu kabla ya kuwa meya wa Taba, huko Rwanda. Hati ya kwanza ya mashtaka haikutaja ubakaji. Mashahidi wanawake walipoeleza yaliyotokea, ofisi ya Arbour iliirekebisha hati, na tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Hakuna mahakama ya kimataifa iliyowahi kutamka hivyo kabla ya Arusha.

Baadaye alikaa Mahakama ya Juu ya Kanada, 1999 hadi 2004. Huko, katika kesi ya posho ndogo waliyopewa vijana maskini wa Quebec, alitofautiana na majaji wengi akashikilia kwamba haki ya kuishi huidai serikali riziki ya msingi. Alishindwa kwa kura, nasi bado tunaona hoja yake ina nguvu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto yetu ni vitabu. Hukumu ya Akayesu tumeisoma vipande vipande, kwa Kiingereza kigumu, kwenye simu ya mwalimu mlezi. Tunaomba utusaidie kupata vitabu vya sheria vya Kiswahili, na utuombee kibali cha kutembelea kumbukumbu za mahakama ile zilizohifadhiwa Lakilaki, hapa Arusha. Na ukiona inafaa, turuhusu siku moja tuje kusikiliza kesi mahakamani kwako.

Tunaomba kuwasilisha.