Kabla hujanunua globu, fuata umeme

Mhariri,

Msomaji mwenzangu amelalamika kwenye ukurasa huu kwamba trafiki walimwandikia faini ya shilingi 30,000 kwa sababu taa moja ya mbele ya gari lake ilikuwa haiwaki, na akasema ni uonevu, maana globu huungua yenyewe njiani na kuibadilisha ni kazi ya dakika tano. Kwa faini hiyo ya 30,000 nampa pole, pesa haiokotwi. Hizo dakika tano ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Msamvu, Morogoro, na ni mwanamke (nasema mapema kwa sababu wateja wengi wakifika huniuliza fundi yuko wapi). Magari ninayoyapokea mengi yana umri wa kupiga kura, na mengine yameshavuka hapo zamani. Kwa gari la umri huo, ukibadilisha globu na taa ikaendelea kusumbua, jua ugonjwa hauko kwenye globu.

Niseme kwanza kwa nini trafiki hakumwonea. Sisi tunaendesha kushoto. Taa ya kulia, ya upande wa dereva, ndiyo iliyo karibu na mstari wa katikati. Ikizimika hiyo, anayekuja mbele yako usiku anaona taa moja iko pembeni kabisa mwa lami, na anajua moja kwa moja kwamba hiyo ni bodaboda imebana ukingoni. Anajiachia. Kumbe kati ya taa anayoiona na mstari wa katikati kuna gari zima. Gari chongo la kulia ni hatari kuliko chongo la kushoto, na sijamsikia mtu akilisema hilo hata siku moja.

Sasa nije kwenye ufundi. Nina mteja, mzee mmoja mwenye Hilux ya mwaka 1992, anayeleta vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni. Anapenda kufika sokoni alfajiri, kwa hiyo safari zake ni za usiku, na katikati hapo kuna Hifadhi ya Mikumi. Barabara inapita ndani ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na nyati havai kiakisi mwanga. Taa yake ya kulia ilianza kwa kuzimazima. Akishuka akaipiga kofi, inarudi. Baadaye ikawa inawaka muda wote lakini nyekundu, haimulikii hata shimo lililo mbele ya tairi. Akanunua globu. Vilevile. Akanunua nyingine ya bei ya juu. Vilevile. Halafu akaambiwa taa nzima imekufa, abadilishe na kioo chake. Alipofika kwangu alikuwa na kimfuko cha globu, na nilipozijaribu kwenye betri zote zilikuwa nzima.

"Binti yangu," akaniambia, "mimi nimechoka. Nitajie bei ya taa nzima nijue moja."

"Shikamoo kwanza, mzee wangu," nikamwambia. "Taa hatununui. Washa gari."

Nilichukua mita. Betri ilikuwa na volti 12.6 kabla ya kuwasha injini, na ikapanda hadi karibu 14 injini ikinguruma, kwa hiyo betri na alteneta (mashine inayochaji betri injini ikizunguka) nikaziacha. Hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea. Wanachomoa globu, wanachomeka testa (kile kitaa cha kupimia umeme) kwenye soketi iliyo wazi, testa inawaka vizuri, wanasema umeme upo, kwa hiyo globu ni mbovu. Umeme unaopimwa bila globu kuwepo ni umeme ambao haujafanya kazi yoyote. Ni kama bomba lililoziba nusu: ukifunga koki presha yote unaiona ipo, ukifungua maji yanachuruzika. Pima taa ikiwa inawaka, globu ikiwa mahali pake. Ya mzee, bila globu, ilisoma zaidi ya 13. Nilipochomeka globu na kuwasha dimu, yaani mwanga wa chini, ikabaki 9 na kidogo.

Volti zimekwenda wapi? Ncha moja ya mita nikaiweka kwenye temino ya chanya ya betri, ncha nyingine kwenye mguu wa globu unaopokea moto, yaani umeme wa chanya, taa ikiwa inawaka. Kipimo hiki kinaonesha moja kwa moja ulichopoteza njiani. Kwenye gari zima hakifiki hata nusu volti. Pale kilisoma zaidi ya 3. Nikarudi nyuma kidogo, nikagusa waya uleule mahali unapoingilia soketi: karibu sifuri. Basi. Volti 3 zote zilikuwa zinaishia ndani ya soketi, kati ya bati la soketi na mguu wa globu. Volti 3 kwa mkondo wa amperi 4 ni wati 12 za joto, ndani ya kipande cha plastiki kinachoenea kiganjani. Nilipoichomoa ilikuwa imeyeyuka upande mmoja, bati limelegea na limeota kutu ya kijani.

Na nuru haipungui kwa kipimo kilekile cha volti. Globu ya halojeni ikikosa asilimia 10 ya volti zake inapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Hiyo ya mzee ilikuwa haifikii hata nusu ya mwenzake. Globu mpya ingefanya nini hapo?

Nilimuuliza kama aliwahi kuweka globu kali. Akacheka, akakubali: aliwahi kuweka za wati 100/90, aliziona kwa jamaa yake zinamulika sana. Globu ya kawaida ya H4, ile yenye nyuzi mbili na miguu mitatu, ni wati 60 kwa fulu (mwanga wa mbali) na 55 kwa dimu, inakula amperi 5 au pungufu kidogo. Ya wati 100 inavuka amperi 8. Waya, soketi na swichi ya usukani vya gari la mwaka 1992 havikutengenezwa kwa mzigo huo, na kwa umri wake hata ule wa kwanza vinaubeba kwa shida. Ukitaka globu kali ni lazima uweke waya mnene, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme, ndiyo ibebe mzigo mkubwa) na soketi za kauri. Na hata ukifanya hivyo, bado unamwumiza macho mwenzako.

Kuna jambo jingine lililonikuta kwenye gari hilohilo. Ninalieleza kwa ajili ya mafundi wenzangu wanaosoma gazeti hili wakisubiri wateja, mwenye gari akitaka aruke. Kabla ya kuja kwangu, Hilux hiyo ilipita kwa fundi mmoja wa barabarani. Alifunga testa yake kwenye bodi ya gari, akapima soketi: mguu mmoja una moto, miwili haina. Akasema waya za fulu na dimu zimekatika, akavuta waya mpya moja kwa moja kutoka betri hadi kwenye mguu wa dimu, bila fyuzi. Wakawasha taa na moshi ukatoka kwenye swichi ya usukani.

Hakuna waya uliokuwa umekatika. Toyota nyingi za miaka hiyo hazipeleki moto kwenye fulu au kwenye dimu. Moto unatoka kwenye rilei, unapita kwenye fyuzi, ya kulia yake na ya kushoto yake, unaingia mguu wa pamoja wa globu. Swichi ya usukani kazi yake ni kuchagua mguu upi upate ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Kwenye magari mengi ya Ulaya ni kinyume: mguu wa pamoja ndio ethi, na swichi inachagua wa kupeleka moto. Aliyejifunzia kwenye gari la Ulaya akiingia kwenye Toyota na testa ya kufunga kwenye bodi atapata majibu ya ajabu. Globu ikiwa imechomekwa na taa ziko kwenye dimu, testa itawaka kwenye mguu wa fulu, kwa sababu moto umepita ndani ya uzi wa fulu na umekosa pa kwenda! Atadhani waya zimegeuzwa, na ataanza kukata. Kwa hiyo kabla hujakata, hamisha klipu ya testa uifunge kwenye chanya ya betri, weka dimu, gusa mguu wa dimu: ikiwaka, ethi imefika. Weka fulu, gusa mguu wa fulu. Kazi imekwisha.

Moto ule wa betri ulipoingia kwenye waya wa dimu ulikutana na ethi ndani ya swichi. Nilipoifungua nilikuta visahani vya shaba vimeungua vyeusi, na ndiyo sababu hata taa ya kushoto ilikuwa imeanza kufifia: pande zote mbili ethi ya dimu inapita hapo. Nikavisugua kwa msasa laini, nikatoa ule waya wa ziada, nikaweka soketi mpya, nikasafisha nyumba ya fyuzi, nikarudisha globu moja ya wati 60/55 kutoka kwenye kile kimfuko chake. Vyote alivyolipia, ukitoa ufundi wangu, havikufika bei ya zile globu alizokuwa amenunua.

Wenye magari wengi hawafiki huko. Taa ikififia wanakimbilia globu za LED, na wauzaji wanawaambia zinachomeka palepale. Kuchomeka zinachomeka. Lakini taa ya gari la zamani ilitengenezwa kwa ajili ya H4, na ndani ya H4, chini ya uzi wa dimu, kuna kikombe kidogo cha bati. Kikombe hicho kinazuia mwanga usipige nusu ya chini ya sahani ya taa, kwa sababu ukipiga huko unarudi juu, kwenye macho ya anayekuja. Nyingi za LED zinazouzwa kwa bei ya kutupa, vitaa vyake havikai pale uzi ulipokuwa, na kikombe chake ni cha kuzugia. Mwenye gari anaona majani ya pembeni na matawi ya miti yameng'aa, anafurahi kwamba sasa taa ni kali. Anayekuja mbele haoni chochote. Na kama ugonjwa ulikuwa soketi, LED inakula umeme kidogo kwa hiyo inawaka, soketi mbovu inabaki imejificha humo ndani.

Kwa magari yenye taa za plastiki, kama hizi Corolla za mwisho wa miaka ya 90 na nyingine nyingi zilizofuata, kuna ugonjwa wa taa kugeuka njano kwa jua. Dawa ya meno inasaidia kwa muda mfupi. Ile ngozi ya juu iliyokuwa ikizuia jua imeshatoka, njano itarudi.

Ukishatengeneza, angalia taa inaelekea wapi. Simamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, likiwa na mzigo unaobeba kila siku. Hilux ukiipakia magunia nyuma, pua inainuka na dimu inageuka kuwa fulu. Weka alama ukutani kwa urefu uleule wa katikati ya taa kutoka chini. Ukiwasha dimu, ukingo wa juu wa mwanga uwe chini ya alama hiyo kwa sentimita 10 hivi, na upande unaopanda kidogo uwe wa kushoto, kumulika watembea kwa miguu. Ukiona unapanda kulia, taa hiyo ilitoka kwenye gari la nchi wanakoendesha kulia. Nimezikuta zimefungwa kwenye magari hapa mjini, zimenunuliwa kwenye maduka ya vipuri vya mitumba, na mwenye gari anashangaa kwa nini kila anayepishana naye anampiga fulu.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa wahusika wa usalama barabarani. Kwenye ukaguzi wa Wiki ya Nenda kwa Usalama tunaambiwa washa taa, washa indiketa, kanyaga breki, halafu tunapewa stika. Swali ni kama inawaka, na mwenye LED inayopofusha watu anaondoka na stika yake akimwacha mwenye chongo anaandikiwa. Uwanja wa ukaguzi una ukuta. Wachore mstari kwa rangi, magari yasimame mita 10, wamulike. Rangi ya kuchorea nipo tayari kuitoa mimi kwa hapa Morogoro, na mita yangu nitakuja nayo.

Ni mimi,
Fundi umeme wa magari,
Msamvu, Morogoro.

Nyongeza: globu ya halojeni usiishike kwenye kioo chake kwa vidole vitupu. Mafuta ya mkono yanapopata moto yanafanya kioo kipate joto lisilo sawa na globu inakufa mapema. Shika kwa kitambaa safi au karatasi ya boksi lake, na ukishaigusa bahati mbaya, ipanguse kwa spiriti kabla ya kuwasha.