Kigae kinacholia kama debe tupu

Bwana Mhariri,

Nyumba zinapanda kila siku kwenye vilima vya Bukavu, lakini fundi wa vigae, plasta au rangi mara nyingi kajifunza kwa kutazama tu. Tazameni bafu. Kigae kinabandikwa kwa mafungu matano ya simenti: manne kwenye pembe, moja katikati. Kati yake panabaki uwazi, maji yanapenya kwenye viungo na kutuama humo, na ukikigonga kigae kinalia kama debe tupu. Gundi inatakiwa isambazwe sakafu nzima kwa mwiko wa meno, kigae kikandamizwe, kisha kimoja king'olewe gundi ikiwa bado mbichi kuona kama mgongo wote umeshika. Kabla ya hapo, sakafu iwe na mwinamo wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji.

Rangi nayo inababuka kwa haraka zetu: plasta mpya huhitaji kama siku 28 kukauka kabla ya kupakwa rangi, na mvua za hapa huongeza siku hizo.

Tunaomba shule za ufundi zifundishe haya kwa mikono, na wajenzi wapokee wanafunzi kazini kwa malipo.

Mafundi wa Kadutu, Bukavu