Malalamiko kuhusu seti ya kugeuza gari la rimoti kuwa la theluji

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Ndugu,

YAH: SETI YA MINYORORO NA SKII ILIYOSHINDWA KAZI, NA DHAMANA MLIYOIKATAA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua kwenu seti ya kugeuza gari la rimoti la kipimo cha 1:10 litembee kwenye theluji: minyororo miwili ya mpira inayokaa mahali pa magurudumu ya nyuma, na skii mbili za mbele. Nilipowarudishia ikiwa mbovu, mlinijibu kwamba dhamana imefutika kwa sababu beringi zimeshika kutu, na kutu ni ushahidi kuwa "maji yameingia kwenye kifaa". Jibu hilo nimelisoma mara tatu. Theluji ni maji, ndugu zangu. Muuza mwavuli hawezi kumnyima mteja haki yake eti kwa kuwa mvua ilinyesha. Mlichotakiwa kufanya ni kuweka beringi zenye vifuniko vya mpira pande zote mbili. Mlizoweka ziko wazi, grisi yake ikaoshwa siku ya kwanza.

Ila kutu ndiyo iliyonisumbua kidogo kuliko yote.

Juu ya boksi mmeandika kwamba seti inaingia kwenye gari lolote lenye hekisi (vishikio vya pembe sita vinavyoshika magurudumu) za milimita 12. Kuingia iliingia, sikatai. Gari langu linavuta kwa magurudumu yote manne, lina difu (giya inayogawa mzunguko wa mota) ya mbele, ya nyuma na ya katikati. Kijitabu chenu kinasema: chomoa shafti mbili za mbele, funga skii, endesha. Nikafanya hivyohivyo. Nikaliweka chini, nikabana triga, mota ikapiga kelele kama blenda tupu, na gari halikusogea hata kidogo. Nikapiga magoti kwenye theluji kulitazama kwa karibu. Vile vikombe vya difu ya mbele, palipokuwa na shafti, vilikuwa vinazunguka kwa kasi huku vikirusha grisi kwenye skii. Minyororo ya nyuma imetulia tuli.

Fundi yeyote wa magari haya angewaambia kwa nini. Difu ya katikati ikiwa wazi, yaani pande zake zinazunguka kila mmoja kivyake, mzunguko unakimbilia upande usio na mzigo, na ukishatoa shafti za mbele, mbele hakuna mzigo wowote. Ile difu inatakiwa ifungwe kwanza, ishikamane iwe kama shafti moja, ndipo nguvu iende nyuma. Hiyo ni sentensi moja tu ya kijitabu. Mimi nimeilipia kwa jioni mbili za kufungua na kufunga skrubu ndogo kwa vidole vilivyokufa ganzi, nikidhani nimeharibu giya.

Difu ilipofungwa, gari likaondoka. Nilifurahi kwa muda wa mita kumi hivi. Theluji ikajibana kwenye meno ya gurudumu linalovuta mnyororo, ikaganda, mnyororo ukakaza, na fremu nzima ya upande wa kulia ikajizungusha juu ya ekseli yake, pua ikajichimbia chini na mkia ukatazama juu. Fremu ya namna hii imekaa juu ya ekseli kwa beringi tu, kwa hiyo ni lazima pawe na mkono wa kuishikilia kwenye saspensheni: iruhusiwe kuinama kidogo mbele na nyuma kufuata ardhi, isiruhusiwe kupinduka. Nimeitafuta mikono hiyo kwenye boksi mpaka nikachana karatasi za ndani. Haimo. Kinachoniudhi ni kwamba kwenye fremu matundu ya kuifungia yapo, yametobolewa vizuri kabisa. Maana yake aliyeichora alijua. Aliyefungasha ndiye aliyeamua kubana matumizi. Mwishowe nimetengeneza yangu kwa vipande vya aluminiamu.

Skii nazo ni bapa chini kama sahani. Nikikata kona, magurudumu ya usukani yangekuwa yameshika njia, lakini skii zinageuka kushoto na gari linaendelea kwenda mbele lilikotaka. Pikipiki halisi za theluji huwa na reli nyembamba ya chuma chini ya kila skii, nayo ndiyo inayouma theluji na kuligeuza. Zenu hazina hata mfereji.

Kuna jambo moja ambalo naomba mlishughulikie hata kama mimi hamtanilipa chochote. Ukurasa wa mwisho mnamshauri mteja achaji betri ya lithiamu polima "hapo hapo nje" ili asikatize mchezo. Futeni maneno hayo. Betri hiyo haichajiwi ikiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Ndani yake madini ya lithiamu huanza kujijenga juu ya elektrodi, betri inaharibika kimyakimya na inaweza kuja kushika moto baadaye. Inaingizwa ndani, inaachwa ipate joto la kawaida, ndipo ichajiwe. Wanunuzi wenu wengine ni watoto.

Kwa upande wangu nakiri kosa moja: sikubadilisha ile giya ndogo ya mota siku ya kwanza. Minyororo ina msuguano mkubwa kuliko magurudumu, na mota ilianza kunuka kabla sijaweka yenye meno machache. Mota yangu basi siwadai. Ingawa nayo mngeweza kuitaja.

Kijana wenu wa huduma kwa wateja, ambaye alinijibu kwa adabu na simlaumu, alinishauri niendeshe polepole. Gari ambalo halikusogea, niliendesheje polepole zaidi?

Naomba moja kati ya mawili: mnirudishie fedha yote pamoja na gharama ya kuwatumia mzigo, au mniletee mikono miwili ya kushikilia fremu, skii zenye reli na beringi zilizofunikwa, bila malipo. Fremu na mpira wenyewe ni imara, na ningependa kubaki nazo. Kijitabu kirekebishwe kwa vyovyote vile. Nimeambatanisha risiti, jibu lenu la kukataa dhamana, na picha nne. Ya tatu inaonyesha yale matundu matupu.

Nasubiri jibu ndani ya siku 14, kabla theluji haijayeyuka.

Ndimi mteja wenu,
(jina na namba ya oda vimo kwenye risiti)